Pepo Bubu na Siku Zake Saba

Dada yangu alimzika mwanawe wa pekee mwezi wa Rajabu, kwa ndui. Kufika Shaabani alikuwa haneni, halii, wala hali ila alishwe. Alikaa juu ya kitanda cha kamba nyumbani kwetu mtaa wa Kuze, Mombasa, akautazama ukuta kana kwamba umeahidi kumjibu.

Si kwamba mji ulikosa tiba. Serikali ilikuwa na mahali pa bure pa waliorukwa na akili, nako ni gerezani, pamoja na wezi. Chakula kimo, askari wamo, mlango wa chuma umo. Bure hiyo niliitazama mara mbili, nikaiona ghali. Daktari wa Kizungu naye alimchungulia ulimi, akampa kwinini.

"Mwambie hana homa," nilimwambia mkalimani.

"Asema ameze tu, haitamdhuru."

Kweli haikumdhuru. Wala haikumfaa. Dawa yenye adabu zake.

Akabaki fundi wa pepo, bibi mmoja wa Likoni. Alimfukiza dada ubani, akamtegea sikio utosini.

"Ana pepo," alisema. "Tena bubu."

"Kama ni bubu, bibi, utajuaje atakacho?"

"Msemaji wake ndimi, mwanangu."

Bubu huyo alitaka ngoma ya siku saba, mbuzi mweupe, kilemba cha hariri, halua ratili sita na rupia hamsini. Nikauliza pepo huyo hesabu alisomea chuo gani.

"Saba nyingi," nikasema. "Tatu."

"Pepo hakatwi vipande kama papa mkavu, baba."

"Muulize."

Akainama, akasikiliza. "Amekubali tatu. Lakini amenuna."

"Na mbuzi awe mweusi. Weupe wameadimika."

"Sasa amenuna sana."

Nilijiona mjanja. Nani mwingine Mombasa nzima aliyempunguzia pepo bei?

Ngoma ikaanza. Wanawake wa mtaa walijaa uani, kila mmoja na sufuria yake. Walimkalisha dada katikati, wakamwosha, wakamsuka, wakaimba, na nyimbo zilipowaishia wakawasengenya waume zao. Mimi nilisimama mlangoni nikihesabu sahani zikiingia, kisha zikitoka. Siku ya tatu, adhuhuri, jirani alimtilia dada mbaazi za nazi kinywani. Akatafuna. Akasema, "Chumvi imezidi."

Ngoma ilinyamaza. Yule jirani, ambaye kwa miaka yote hakukubali kasoro ya upishi wake hata kwa mumewe, alilia kwa furaha.

Alasiri nikamkuta fundi akifunga ngoma zake kwa kamba.

"Wendapi, bibi? Si ameanza kunena?"

"Siku zako zimekwisha, baba."

"Hizo nne zilizobaki, kiasi gani?"

"Thelathini."

Ulimi wangu, Mungu ausamehe, ukajibu peke yake: "Kumi na tano."

Hakubishana. Kulikuwa na nyumba nyingine ikimngoja, iliyolipa saba bila kuuliza rangi ya mbuzi. Wanawake nao wakabeba sufuria zao, maana ngoma ikiisha, watu hutawanyika. Asubuhi dada alikuwa ameurudia ukuta wake.

Nikavuka Likoni na rupia thelathini. Nilizihesabu mara mbili, safari hii nikiogopa zisije zikapungua.

"Kesho kutwa ni Ramadhani," fundi alisema, hata fedha hakuitazama. "Hatupigi ngoma. Njoo baada ya Idi. Wako watano mbele yako."

"Na pepo, mwezi mzima?"

"Mashetani hufungwa minyororo Ramadhani, baba. Hukufundishwa chuoni?"

"Basi aliyebaki na dada yangu ni nani?"

Hilo hakulitajia bei.

Nikarudi. Nikawapitia wale wanawake mlango kwa mlango, nikawaomba waje kukaa naye tu, bila ngoma. Walinionea huruma, lakini nani ana nafasi na Ramadhani iko mlangoni? Kuna unga wa kutwanga.

Kwa hiyo mimi, mwanamume mzima, nikajifunza kupika mbaazi. Dada kwa ugonjwa wake hafungi, mimi nimefunga, siwezi kuonja, basi natia chumvi kwa kuhesabu vijiko. Siku ya kwanza niliweka vitatu makusudi, penye kutosha kimoja. Nikamlisha, nikamtazama kinywa.

Alitafuna, akameza, akageukia ukuta.

Kesho yake nikatia vinne.