Mayai ya Pasta kwenye Basi la Saa Saba

Pale Sultan Hamud, kwenye barabara ya Mombasa, basi likipiga honi hakuna mchuuzi anayetembea. Wa maji anakimbia, wa machungwa anakimbia, na Katunge, ambaye wengi humwita Mama Ben, anakimbia na ndoo yake ya mayai ya kuchemsha. Hamenyei mtu, kwa sababu basi halingoji. Anakupa yai lako dirishani, anakupa chumvi kwa kikaratasi, mengine utajijua na safari yako.

Asubuhi ya Jumanne hiyo, shangazi yake Mbithe alikuwa amemletea mayai ya kienyeji kutoka Mbumbuni, ya kuwekea kuku aliyetaka kuatamia. Katunge aliyapanga kwa ndoo ya mafuta ya kupikia, akayafunika na kipande cha leso, akayasukuma chini ya meza yake pale kituoni mpaka jioni. Ndoo ya biashara, iliyokaa kando yake, nayo ilikuwa ya mafuta yaleyale, na leso yake ilikuwa nusu ya leso ileile. Hakuona shida. Na kwa lile jua la mchana, yai bichi na yai lililochemshwa yana joto moja mkononi.

Basi la saa saba likaja. Akanyakua ndoo, akakimbia. Kwenye dirisha la tatu alikuwa pasta mwenye suti ya rangi ya maziwa, Biblia mapajani.

"Mama, nipe mayai manne."

"Chukua na moja la baraka, mtumishi."

Basi likaondoka. Kyule wa bodaboda akaja na njaa yake ya kila siku, akatoa yai kwa ndoo, akaligonga kwenye usukani wa pikipiki. Likamwagika lote juu ya tangi, jeupe na la njano.

"Mama Ben," akasema polepole, "siku hizi unauza vifaranga?"

Katunge hakucheka. Alikuwa anaangalia barabara ya kwenda Emali, kituo kinachofuata cha basi.

"Nani mwingine umempa?" Mbinya, jirani yake wa machungwa, akauliza.

"Pasta. Yule wa suti nyeupe."

"Wee Katunge. Umetumaliza."

Hapo Mbinya hakuwa ameongeza chumvi. Kondakta ndiye huamua basi lisimame wapi. Mwaka uliopita sambusa ya mtu fulani ilimsumbua abiria tumbo, na basi hilihili likaanza kupita mbio bila hata kupunguza mwendo. Wachuuzi wote, mwenye makosa na asiye na makosa, walibaki kutazama vumbi lake kwa miezi. Lilianza kusimama tena juzijuzi tu, baada ya kondakta kubembelezwa kama bibi harusi. Sasa suti ya pasta ikichafuka, nani angembembeleza tena?

Katunge akamkumbuka Ismahan, aliyekuwa akiuza chai karibu na meza yake kabla ya kuhamia Emali. Akampigia simu.

"Ismahan, dadangu, basi la saa saba limefika huko?"

"Bado. Kwani umemsahau bwana ndani?"

"Nimemuuzia pasta mayai mabichi. Dirisha la tatu, upande wa dereva. Amevaa suti nyeupe."

Ismahan akacheka mpaka akakohoa. "Pasta, na suti nyeupe? Mama Ben, wewe hujui kukosea kidogo."

"Utacheka baadaye. Tafuta mayai yaliyoiva umngojee nayo."

Emali si mbali, lakini yai nalo halihitaji safari ndefu. Watu wengi humaliza la kwanza kabla gari halijatoka mjini. Kyule, akipangusa tangi, akajitolea kulifukuza basi.

"Na hiyo pikipiki inayosukumwa kila asubuhi?" Mbinya akamwambia. "Kaa chini."

Simu ikalia. Katunge aliiangalia kwanza, kama kitu kinachoweza kuuma.

"Hajapasua," Ismahan akasema.

"Sema tena."

"Hajapasua hata moja. Mama aliyeketi naye alimwomba awaombee safari. Akasimama. Na unajua pasta akisimama kwa basi. Ameombea dereva, ameombea magurudumu, ameombea Mombasa yote. Nimewapata bado wanaimba. Mayai yalikuwa kwa kiti ndani ya gazeti, yanangoja amina. Nimembadilishia, nikamwambia yale yalikuwa ya kuatamiwa. Amecheka, akasema ataombea na kuku wako."

"Na kondakta?"

"Kondakta alikuwa amefunga macho."

Katunge akakata simu, akawageukia wenzake waliokuwa wamemzunguka. "Kondakta alikuwa amefunga macho," akawaambia. Mtu akaguna, mwingine akaanza kucheka, na kicheko kikashuka meza hadi meza mpaka kwa wauza maji wa mwisho, ambao hata hawakujua kulikuwa na nini.

Yeye alikaa chini kwenye kivuli cha meza, akanyoosha miguu. Mbinya akamenya chungwa, akampa nusu, wakala.