Muhuri wa Hirobe kwenye Kipimo cha Majani

Hirobe Masazumi alikuwa na kanuni moja kazini: dereva akitupia jicho kipimo cha ulaji wa mafuta, jicho lirudi barabarani kabla hajamaliza kutamka "moja." Kipimo kinachodai zaidi ya hapo kinamwibia dereva barabara.

Kwa miaka ishirini na sita alibuni vipimo hivyo katika kiwanda kimoja cha vipuri vya magari hapa Hamamatsu, Japani. Vyake vilikuwa taa moja tu: kijani ukikanyaga mafuta taratibu, buluu ukikanyaga kwa pupa. Basi.

Kisha watu wa mauzo wakataka majani. Ukiendesha vizuri, jani linachipua kwenye kioo cha kipimo. Yakifika kumi, mti unachanua. Majaribio yalionyesha kwamba ulaji wa mafuta unapungua. Yalionyesha pia kwamba macho ya dereva yanakaa kwenye kioo sekunde mbili nzima.

Karatasi ya idhini ilizunguka meza hadi meza, kila mkubwa akigonga muhuri wake. Ilipomfikia Hirobe ilikuwa na mihuri minane. Akagonga wake juu chini. Kwetu, huko ni kusema hukubali bila kufungua kinywa. Shimokawa, mkuu wa idara, aliuona akacheka.

"Mzee Hirobe, muhuri wako umelewa?"

"Haujalewa, mkuu. Sekunde mbili ni nyingi mno."

"Sasa mbona umegonga?"

Hirobe akaurudisha muhuri kwenye kijaluba chake.

"Usimame, ulale, muhuri ni muhuri. Wako wa tisa. Twende tukale."

Naye akaenda, akala tambi zake. Hapo simtetei. Anayeujua ubaya akaupitisha shingo upande, ameupitisha.

Kesho yake alirudi kuomba muhuri wake ufutwe. Akaambiwa karatasi imeshapanda juu. Aliandika barua mbili, hakuna aliyejibu. Akabaki na mtu mmoja tu wa kumwonya: rafiki yake Onodera, dereva wa majaribio.

"Kaka, usiyatazame yale majani."

"Niyaache? Jana nimepata tisa! Miaka thelathini mke wangu hajanisifu kama kile kioo."

"Sitanii. Kifunike na karatasi."

"Nikikifunika, najaribu nini sasa? Nifukuzwe? Halafu wewe, si ndiye uliyekipitisha?"

Tangu hapo kila asubuhi Hirobe alisimama dirishani akilitazama gari la Onodera likitoka getini kuelekea milimani, na hakuwa na la kufanya.

Mwezi wa Novemba, kwenye barabara ya Tenryu, lori la mbao lilikuwa limesimama baada ya kona. Onodera alituambia hospitalini, sisi wenzake wa kiwandani, kwamba hakuliona. Alikuwa akilingoja jani la kumi.

Kipimo kiliingia sokoni mwezi wa Aprili. Onodera alikatwa mguu wa kulia, juu ya goti.