Mfereji Ulioishia Kwetu

Ndugu yangu wa kwanza amezikwa nyuma ya jiko. Alizaliwa katika msimu wa mvua, akafa kabla ya kuota jino, na nyanya yangu, aliyetoka Maniema na desturi zake zote kichwani, alisema mtoto asiyeota meno hapelekwi makaburini. Anazikwa nyumbani, karibu na moto wa mama yake, asisikie baridi. Basi wakamlaza pale. Hapakuwekwa jiwe wala msalaba. Mama alipanda mchaichai juu yake, na sisi tuliozaliwa baadaye tukakua tukijua kwamba mchaichai ule hauchumwi. Wa kunywa ulikuwa upande mwingine, chini ya kamba ya nguo.

Sheria ya mji ilikataza kuzika mtu kiwanjani. Kila mtu alilijua hilo, na bado nyumba nyingi za Tshopo, mtaa wetu pale Kisangani, zilikuwa na mtoto nyuma ya jiko. Halikuwa jambo la kunong'ona. Lilikuwa jambo la kutosema mbele ya watu wa Serikali, basi.

Kiwanja chetu kilikuwa mwisho wa avenyu, pale ardhi inapoanza kuteremka kuelekea mtoni. Watu wa juu walipata upepo, sisi tulipata maji yao. Mvua ya Kisangani haina adabu: inakuja bila hodi, inabeba kandambili za watu, makopo, maganda ya ndizi za makemba, na siku moja ilituletea bata mzima, tena mwenye hasira. Jirani yetu wa kulia alikuwa mjane, mtu wa familia za wavuvi wa kule kwenye maporomoko, naye aliuza samaki wa kukaushwa. Kila wingu lilipotanda alipandisha samaki kitandani na yeye mwenyewe akabaki amesimama. Ukimpa pole anacheka: “Mimi mutu ya mayi, mama. Samaki ndiyo inaogopa.”

Papa alikuwa karani wa posta na alikuwa na ugonjwa mmoja: alifanya Salongo kweli. Kwa asiyezijua siku zile, Salongo ilikuwa kazi ya lazima ya kila Jumamosi, sote tunatoka kusafisha mji kwa ajili ya nchi na chama. Wanaume wa avenyu yetu walitoka na majembe, wakayaegemea na kuzungumza mpira mpaka saa ya kurudi. Wanawake walifagia mahali palepale palipofagiliwa. Papa alichimba. Jumamosi baada ya Jumamosi alichimba mfereji kutoka barabarani, ukafuata mpaka wetu wa kulia, ukapita nyuma ya jiko na kuteremka bondeni, ili maji yasiingie kwa mjane. Alipofika kwenye mchaichai aliupinda mfereji kidogo, akaupita. Kuta zake alizipanga vipande vya matofali. Ulikuwa mfereji mzuri, nakubali, na yeye alijua. Mgeni akija, kabla ya kupewa kiti anapelekwa kuuona.

Mama hakupenda. “Unaita mayi ya batu kwako mwenyewe,” alimwambia. “Siku moja itakuja na benyewe.”

Papa alimwambia asimtanie.

Kisha mji ukaamua kutengeneza avenyu yetu. Mkuu wa avenyu alipita nyumba kwa nyumba akitangaza: barabara itapanuliwa, utachimbwa mfereji mkubwa wa saruji kutoka juu mpaka bondeni, hakuna tena matope, na kila citoyen, ndivyo raia alivyoitwa siku zile, ajiandae kutoa sehemu itakayohitajika. Watu walipiga makofi. Kila mmoja alidhani itahitajika sehemu ya mwenzake.

Walikuja na mnyororo wa kupimia, darubini ya miguu mitatu na vijiti vyenye vichwa vyekundu. Injinia wao alikuwa kijana, abakosti yake, ile suti ya chama isiyo na tai, imenyooka, viatu vyake vikimhangaisha kwenye mchanga. Hakuwa mtu mbaya. Nimetafuta miaka mingi sababu ya kumchukia na sijaipata, jambo ambalo lenyewe linanikera. Alishuka avenyu yote akipima, akafika kwetu, akauona mfereji wa papa, na uso wake ukafunguka.

“Nani alichimba hii?”

“Mimi,” papa akasema, na kifua mbele.

“Félicitations, papa. Ona, mayi iko na njia tayari. Mufereji ya ville itapita hapa hapa.”

Papa mwenyewe ndiye aliyemtembeza. Alimwonyesha matofali, mteremko, jinsi maji yanavyokimbia bila kusimama. Nyuma yao wasaidizi walikuwa wakichomeka vijiti, na mfereji wa mji ulikuwa mpana, haukuwa wa kupindapinda. Kijiti kimoja kilichomekwa upande huu wa mchaichai, cha pili upande ule. Nakumbuka tabasamu la papa lilivyobaki usoni wakati halikuwa tena na kazi pale.

Injinia alieleza mambo kwa upole. Ardhi ni ya Serikali. Chako ni kile ulichoweka juu yake, yaani nyumba na miti ya matunda, na hivyo hulipwa. Akatazama nyuma ya jiko. “Lakini huku hamuna kitu. Ni majani tu. Muko na bahati.”

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mwiko wa lituma mkononi, ndizi zikimgandia. Aliwatazama mpaka wakatoka, akarudi kuponda ndizi zake kwa nguvu ambayo lituma haihitaji.

Mchana ule walizungumza mezani mbele yetu, kwa sababu nyumba haikuwa na mahali pa kujificha. Papa alisema injinia ni kijana wa heshima, anaweza kuambiwa ukweli.

“Utamwambia nini?” mama akauliza. “Kwamba tulizika mutu hapa? Bon. Ataandika. Batakuja na polisi, batamuchimbua, batamupeleka kule kwa makaburi asipojua mutu. Mutoto yangu hachimbuliwi.”

“Na tukinyamaza, watapitisha mfereji juu yake.”

“Basi wapitishe kushoto.”

Papa aliweka kijiko chini. Kushoto ilikuwa nyumba. Kushoto ilikuwa chumba chao na chumba chetu watoto, matofali ambayo papa aliyafyatua na kuyachoma mwenyewe, likizo baada ya likizo, wakati makarani wenzake walikuwa wakinywa bia. Akamkumbusha hayo yote. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza.

“Nyumba utajenga ingine,” akasema.

Injinia aliporudi, papa alimngoja barabarani amevaa abakosti yake ya sikukuu, na nusu ya avenyu ikiwa imekusanyika kuangalia vijiti. Akamwomba, kwa heshima zote, mfereji upitishwe kushoto.

“Kushoto iko vyumba viwili, papa.”

“Najua. Nimevijenga mimi.”

“Na kulia iko majani.”

“Ndiyo.”

Injinia alimtazama, na niliona anavyoelewa, na anavyoelewa vibaya. Majani hayalipwi, vyumba vinalipwa. “Ah,” akasema, upole wote umekwisha. “Kumbe. Nilizani weye ni mutu ya kazi. Kumbe unapenda kula Serikali sawa bengine.”

Watu wakacheka. Papa, ambaye hakuwahi kuleta nyumbani hata kalamu ya posta, ambaye alituchapa kwa kuchuma embe la jirani, aliinamisha kichwa. Angeweza kusema sentensi moja tu na aibu yote ikamtoka. Akasema, “Samahani, citoyen injinia. Ninaomba tu.” Akakubali kuitwa mwizi mbele ya watu waliomwogopa kwa uaminifu wake. Nilimwonea aibu siku ile, mimi mwanawe, na hasira nikampelekea mama.

Mjane peke yake hakucheka. Alikuwepo siku ya mazishi, alijua. Jioni alituletea samaki bila kuuliza bei wala habari.

Kwa injinia ilikuwa mamoja, mteremko wa kushoto ulimfaa pia. Vijiti vikahamishwa. Papa aliteremsha mabati mwenyewe, akabomoa vyumba mwenyewe, hakutaka mkono wa mtu, akayarundika matofali barazani. Tukahamia sote sebuleni, mikeka imebanana. Fidia, tusipoteze muda: haikuja. Majirani waliotungoja tutajirike walichoka kungoja.

Mfereji wa mji ulianza juu kabisa na kuteremka kwetu. Ulikuwa mnyoofu, wa kina, kuta zake za saruji laini. Sisi watoto tulikwenda kuzipapasa. Udongo waliochimba waliumwaga upande wa mjane, ukawa tuta refu mbele ya nyumba yake. Wakafika mbele ya mlango wetu. Kesho yake walikuwa waingie kiwanjani, wapite pale palipokuwa vyumba, washuke bondeni, mambo yaishe. Kesho yake likaja lori, wakapakia saruji, sepetu na watu. Mkubwa fulani alikuwa anatua Bangboka na barabara ya uwanja wa ndege ilitakiwa ipendeze. Msimamizi wao alituambia tusiwe na wasiwasi, Jumatatu wanarudi. Jumatatu hiyo mimi sijaiona.

Sasa fikiri. Zamani maji ya avenyu yalitawanyika, kila nyumba ikapata balaa yake ndogo. Sasa yalikusanywa yote, yakapewa njia laini ya saruji, yakaletwa mpaka mlangoni kwetu, yakaachwa hapo.

Mvua ilikuja mchana, tumetoka tu kula. Tulisikia mfereji kabla ya kuuona; ulikuwa ukinguruma. Papa alikimbilia mlango wa mbele na gunia la mchanga. Maji yalifika mwisho wa saruji, yakapanda, yakamwagika nje, yakazunguka kidogo yakitafuta. Kwa mjane kulikuwa na tuta. Kushoto kulikuwa na sakafu ya vyumba vilivyobomolewa, iliyoinuka. Yakaona mfereji wa papa, ule wa Salongo, yakaingia yote.

Mama hakukimbilia unga wala nguo. Alitoka kwa mlango wa nyuma bila viatu, nami nikamfuata. Matofali ya papa yalikuwa yakichomoka kama meno ya mzee. Ukingo ulikuwa unaanguka vipande vipande, kila kipande kikisogea kuelekea mchaichai, na mizizi ya kwanza ilikuwa tayari inaning'inia hewani.

“Matofali!” akapiga kelele. “Leteni matofali!”

Tukayapokezana, yale ya vyumba vyetu. Papa, sisi watoto, mjane aliyeruka tuta lake na kuja amefunga kitenge kiunoni. Mama alikuwa ndani ya maji mpaka mapajani, kwenye mdomo wa mfereji wa papa, pale unapoanzia barabarani, akipanga tofali juu ya tofali na kuyakanyagia udongo. Alitukana. Mama yangu, mwimbaji wa kwaya, aliyatukana maji, akaitukana saruji, akamtukana mkubwa aliyetua Bangboka, kwa sauti, na hakuna aliyethubutu kumwambia ashushe. Ukuta ukasimama. Maji yakaacha kuingia kule, yakaanza kupanda mbele ya nyumba, na papa akaona mara moja yanakokwenda. Akarudi mbio mlangoni, akalisukuma gunia, akaita tulete la pili.

Mama alimfuata. Alikuwa na matope mpaka kwenye nywele.

“Toa gunia,” akasema.

“Nini?”

“Yakikosa njia yatabomoa ule ukuta. Toa. Fungua na mulango ya nyuma.”

Papa aligeuka akaitazama sebule. Ndiyo nyumba yote iliyobaki. Mikeka yetu, viti, redio yake juu ya kabati, magodoro, madaftari ya shule. Alikuwa ameshatoa vyumba viwili na jina lake. Kisha akaliburuta gunia pembeni, na mimi nikaenda kufungua wa nyuma.

Maji yaliingia yakiwa mekundu, kwa mwendo wa mtu anayejua anakokwenda. Yakachukua mikeka, yakachukua sufuria ya lituma iliyobaki, yakageuza meza. Mjane aliokoa redio. Sisi tulipanda juu ya viti, tukayaona yakipita katikati ya nyumba yetu na kutoka nyuma, yakiteremka bondeni mbali kabisa na jiko. Mama alisimama mlangoni katikati ya mkondo, ameshika miimo yote miwili, mpaka nguvu za maji zikapungua.

Mvua ilipokatika alikwenda nyuma ya jiko. Tulimwona akipiga magoti kwenye matope, akirudisha udongo kwenye mizizi kwa viganja, akiukandamiza taratibu, kisha akaweka mkono wake pale na kuuacha. Papa alikuwa amesimama nyuma yake, abakosti imemgandia mwilini, maji yakimtiririka kidevuni. Kila kitu Kisangani kilikuwa kimelowa, kuanzia mabati mpaka mifupa ya watu.

“Hakulowa,” mama akasema, bila kugeuka.

“Ndiyo,” papa akajibu. “Hakulowa.” Akaingia ndani kumtafutia kitenge kikavu, akazunguka sebule nzima akitafuta, na hakikuwepo.