Témoin ni Shahidi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, na usinicheke, maana hadi leo najikasirikia. Nilikuwa kijana kwenye maabara moja hapa Lubumbashi. Tulipima dawa ya kansa inayoamshwa na taa: unapaka kidonda, unawasha taa nyekundu, dawa inaifanya oksijeni iwe kali, nayo inaua kansa. Umeme ulikuwa umekatika, friji ya dawa ikapata joto. Nikaambiwa nipime kama dawa ingali hai, kwani mama mmoja wa mtaa wa Ruashi, muuza unga, alikuwa anangoja kutibiwa kansa ya shavu.

Kipimo chetu kilikuwa maji ya manjano. Unatia dawa, unawasha taa; oksijeni kali ikizaliwa, rangi inafifia. Lakini hata jua la dirishani huififisha, ndiyo maana unaweka chupa ya pili isiyo na dawa. Hiyo kwa Kifaransa tunaiita témoin. Mimi sikuiweka. Nilikuwa nakimbilia mpira, mpumbavu mimi! Nikaandika tu: témoin, zéro, yaani rangi yake haikufifia. Chupa yenye dawa ilikuwa imepauka, nikasema dawa ni hai, na mama akatibiwa siku hiyo hiyo.

Kesho yake Mama Ngoie, fundi wetu mkongwe, akafungua daftari, akauliza chupa ya témoin iko wapi. Haikuwapo. Akapima upya, akakuta dawa ilishakufa. Rangi ilififishwa na jua tu.

"Témoin iko shahidi," akaniambia. "Na weye umeleta shahidi wa bongo, wa uongo, juu ya mwili wa muntu. Katekisimu ulisoma ya nini?"

Tulimtafuta yule mama, tukaambiwa ameenda kwa ndugu zake kule Kasomeno, akiamini amepona. Aliporudi, miezi imepita, kansa ilikuwa imefika jichoni. Madaktari wakalitoa jicho. Nilikwenda kumwomba radhi, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Mutoto wangu, Mungu akubariki, ulinipimia dawa."

Nikamwambia ukweli. Akasema baraka yake anaichukua tena.

Na leo nasikia nanyi vijana wa maabara mnajaza zéro mkiwa mmekaa, bila kuweka témoin! Mnanichoma moyo. Njia ya mwongo ni fupi, ila anayeimalizia ni mgonjwa. Usiandike ambacho jicho lako halikuona. Ukichelewa, chelewa. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo.

Haya, nenda kazini. Mungu akujalie baraka ambayo hakuna mgonjwa atakayekuja kukunyang'anya.