Siku Treni Ilipoonekana Sebuleni kwa Wakwe

Hii aibu huwa siisemi mbele ya watu wa reli, lakini nyinyi ni marafiki, chekeni tu. Enzi za simu za mulika mwizi, zile ndogo za tochi, nilikuwa fundi stesheni ya Bungoma, nafunga kwenye injini vile vifaa vya setilaiti vinavyoonyesha Nairobi treni imefika wapi, ndio mbili zisikutane kwa reli moja. Siku hiyo nilikuwa nabadilisha kibovu niweke kipya, na sheria ni usiondoke mpaka Nairobi iseme imeiona treni ikitembea, lakini nilikuwa nangojwa Kitale kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu Nasimiyu (na babake hapendi kuchelewa), nikasema ah, si itaonekana tu, nikatupa vyombo kwa begi nikadandia pikapu ya rafiki.

Tulipofika Kamukuywa, njiani kwenda Kitale, simu ikalia. Otieno, yule wa kuongoza treni Nairobi.

"Bana, treni yako imeacha reli!"

"Imeanguka?"

"Inakimbia! Inaelekea Kiminini, na huko hakuna reli!"

Nikamwambia labda ni mawingu, netiwaki ikapotea.

Kwa wakwe nikakaa na soda mkononi, naulizwa ukoo najibu hali ya hewa, mara simu tena, na ile simu ilikuwa na sauti ya spika ya kanisa.

"Sasa kwa skrini imesimama Kitale, kwa nyumba za watu! Treni yenyewe hatujui iko wapi, dereva hashiki simu, na treni ya mafuta inateremka kutoka Eldoret kwa reli hiyo hiyo!"

Nikamwaga begi pale kwa kapeti. Spana, ovaroli chafu, halafu kifaa kipya, kimewaka kwa betri yake, taa ya kijani inapepesa. Kile kibovu nilikuwa nimekirudisha kwa injini!

"Otieno," nikasema, "treni ni mimi."

Mamake Nasimiyu akaanza kuomba kwa sauti, mpaka Otieno akapiga tena: ya mafuta imesimamishwa Turbo, na yangu imepatikana Webuye, dereva anakunywa chai.

Mzee akaokota spana kwa kapeti, akanipa.

"Kijana, rudi kwanza Bungoma. Ukishajua uko wapi, uje tuongee."

Nilirudi baada ya mavuno, nikapewa mke. Lakini kazi ya reli nikiwa na haraka zangu, sifanyi tena, hata ningojwe kwa harusi yangu mwenyewe.