Mbuzi ya Nyumba ya Muhungu

Nianze na ile ya haya, iishe: nilipanda juu ya kiti mu nyumba ya mutu mwengine, nitoe pazia yangu ku dirisha yake, na bibi yake akanishikia kiti nisianguke. Maman wa watu hakucheka. Alinipa hata maji ya kunywa.

Pazia ilitangulia kuhamia, sisi wenyewe bado, juu ya vile bibi yangu alishindwa kungojea. Tulikuwa tunapanga Kadutu, chumba ya dirisha moja, ukifungua unaona ukuta ya jirani, ukinyoosha mukono unaigusa. Rafiki yangu mumaçon, fundi wa kujenga, ndiye alituonesha ile nyumba ya kuuzwa kule Muhungu, pembeni ya kwake. Dirisha yake iliangalia ziwa. Asubuhi maji inakuwa ya majivu, kisha jua inatoka, unaona mitumbwi inatoka ku kisiwa ya Idjwi na ndizi. Bibi yangu alisimama pale, akapima dirisha na mikono yake. Ile wiki alikata kitenge yake ya ndoa, akashona pazia. Mwenye nyumba, maman mujane mwenye alitaka kurudi kwao Katana, alisema tu: "Mutundike, batoto yangu. Dirisha iko uchi siku mingi."

Bei tulisikilizana, avance, ile feza ya kwanza, nikatoa. Géomètre, mwenye kupima kiwanja, nililipa mimi. Karatasi na tampon, muhuri ya serikali, tuligawanya. Commissionnaire, yule dalali, alikula pande zote mbili, ndiyo kazi yake. Kulibakia mbuzi tu. Kwetu, karatasi bila mbuzi iko karatasi: majirani wanakuja, wanakula, wanakunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, na tangu siku ile wao ndio mashahidi kama nyumba iko yako.

Sasa, mbuzi nani anatoa? Mimi nilifika mpaka troisième secondaire, wakanifukuza juu ya minerval, feza ya masomo, na ile masomo kidogo ilikuwa inaniwasha mu kichwa. Nilivaa abacost, koti ya wakubwa, nikaenda kwa mujane.

— Maman, mu loi, frais ya mwisho, ni kusema mbuzi, iko ya mwenye kuuza.

Ile loi, ile sheria, niliisikia mu nganda ya pombe, kwa mutu mwenye alikuwa amelewa kunipita.

— Jana ulikuwa unaniita mama tu, alisema. Leo umeniletea loi.

— Loi iko loi, maman.

— Mutoto yangu, bwana yangu alijenga hii nyumba na mikono yake. Mimi nitoke mu nyumba yake, halafu nichinje mbuzi, nifurahi? Mwenye kuingia ndiye anachinja.

Na feza ya mbuzi nilikuwa nayo. Ilikuwa mu mufuko ya abacost, inanigusa kifua. Nikamwambia afikiri kwanza. Nilitoka pale najisikia avocat, mwanasheria muzima. Bibi yangu akaniuliza: "Sasa?" Nikajibu: "Amefika mwisho. Anaenda kukubali."

Samedi, mwisho wa ile wiki, mufanyabiashara moja wa zahabu, wa Kamituga, alifika na mbuzi ku kamba na bidon mbili ya kasiksi. Hakuuliza loi. Majirani walikula mpaka magaribi. Dimanche, kesho yake, mujane alinirudishia avance yangu, imefungwa mu leso ileile, na akaniambia pole, sawa vile mimi ndiye nilifiwa.

Bibi yangu alikataa kwenda kutoa pazia. Nilienda mimi, kwa yule wa zahabu. Ile kiti nilisimama juu yake kupita lazima. Maji ya ziwa ilikuwa imeanza kugeuka rangi.

Ku dirisha ya Kadutu pazia ilipita urefu, ikawa inafagia chini. Bibi yangu hakuikata. Kila asubuhi aliifungua polepole, anaangalia ukuta, sawa vile siku moja ukuta itasogea. Mimi mpaka leo nikipita Muhungu natembea kama mutu mwenye viatu inabana.

Kisha siku mingi kupita, tulikuwa tunakunywa na yule mumaçon, akaweka glasi chini.

— Rafiki, kuko kitu sikukuambia. Ile mbuzi, mi pia nilikula. Nikakuwekea maini, juu najua unapenda maini. Nilifika nayo usiku ya ileile samedi mpaka ku mulango yenu ya Kadutu. Nikasikia bibi yako ndani anaimba, anapanga masufuria ya kuhama, bado hajajua. Nikashindwa kubisha. Nikaikula pale njiani, nimesimama.