Nilivyomwombea Mama wa Picha

Nilitaka mchoro mmoja wa mama aliyeshika kidevu uwe jalada la riwaya yangu. Shabani, rafiki yangu aliyeuchora, aliniambia, "Njoo nyumbani Kurui, uombe mwenyewe."

Nilitoka Kongowe mapema. Nilikuta viatu vimejaa mlangoni, wanawake waliovaa kanga wamekaa mkekani, na mezani, katikati ya maua, mchoro wenyewe, picha ya mama yake: rangi ya mafuta, kidevu kiganjani, macho yakitazama mbali. Kwetu, familia iliyotoka Moshi, picha ikiwekwa hivyo mwenyewe ameshazikwa.

Shabani akaniomba niseme neno juu ya picha. Nikasema marehemu alichorwa akiwa ameshaanza kutuaga, kwamba ukimya ule ni wa mtu anayeisikia safari yake. Wanawake wakatazamana. Nikadhani ni uchungu, nikainua mikono. "Tumwombee."

Pazia la uani likafunguka. Uso uleule wa mezani ukatoka na sinia la pilau.

"Shikamoo, mama," nikasema, mikono ikiwa bado juu.

"Marahaba, mwanangu. Majirani wamekuja kuiona picha tu, na pale kwenye picha nilikuwa nasubiri maharage yaive." Akaweka sinia chini. "Haya, Shabani kasema unaitaka picha. Utamwomba nani, mimi au marehemu?"